Dima janja na taa zisizotulia: maswali ya wenye nyumba Lamu

Maswali haya huulizwa na wenye nyumba wa Mkomani na Langoni, wasimamizi wa nyumba za wageni Shela, na mafundi vijana wanaopiga simu wakiwa bado juu ya ngazi. Yanahusu dima janja, yaani swichi ya kufifisha taa ambayo unaweza pia kuiongoza kwa simu. Majibu ni ya stima ya kawaida ya Kenya, volti 240 na hezi 50.

Kabla ya yote, nenda ukutani uwashe taa na kuififisha kwa kidole. Ikikorofisha hata kwa kidole, tatizo ni la stima: balbu, waya au dima yenyewe. Ikitii kidole na kukataa simu, tatizo ni la mtandao. Jaribio hili halichukui hata dakika, na ndilo linalorukwa na watu wengi. Matokeo yake mtu ananunua ruta mpya kwa kosa la balbu.

Taa ikiwaka kikamilifu imetulia, nikiififisha inapepesa. Dima ni mbovu?

Mara nyingi dima haina kosa. Anza na balbu.

Ndani ya kila balbu ya LED mna saketi ndogo iitwayo draiva, inayobadilisha stima ya nyumbani iwe ile inayotakiwa na LED. Dima nayo hupunguza mwanga kwa kukata kipande cha kila nusu wimbi la umeme, mara 100 kwa sekunde. Draiva iliyotengenezwa kwa kuwaka na kuzima tu haijui ifanye nini na wimbi lililokatwa. Inajaribu kuwaka, inakosa nguvu, inajaribu tena. Huko ndiko kupepesa unakokuona.

Toa balbu ikiwa imepoa, uisome shingoni. Maandishi ni madogo na mara nyingi yamepauka, kwa hiyo yapige picha kwa simu kisha uyakuze. Unatafuta neno “dimmable”. Ukikuta “non-dimmable”, au alama ya dima iliyopigwa mstari, umeshapata jibu. Usipokuta chochote, ihesabu kuwa haifai, maana kiwanda kilichogharimika kuweka draiva nzuri hakikosi kutangaza. Balbu za mzunguko zilizokuwa zikiitwa za kuokoa umeme hazifai kwa dima, na tubu za ukutani pia hazifai.

Ukibadilisha, badilisha balbu zote zinazoongozwa na dima hiyo. Balbu moja mbaya kati ya nne huwavuruga wenzake, na utashindwa kujua mkosaji ni nani.

Balbu zangu ni za kufifishwa, na bado zinapepesa nikishusha chini kabisa.

Hapa kuna mambo mawili.

La kwanza ni uzito wa kazi. Dima nyingi zilibuniwa enzi za balbu za moto, ambapo taa tatu za wati 60 zilikuwa wati 180. Leo taa tatu za LED za wati 6 ni wati 18 tu. Kila dima ina kiwango cha chini inachohitaji ili itulie, na kimeandikwa mgongoni mwake au katika karatasi iliyokuja nayo. Ukiwa chini ya hapo, ongeza taa au tafuta dima yenye kiwango cha chini zaidi. Upande wa juu nao una mtego: dima ya zamani iliyoandikwa wati 400 haimaanishi wati 400 za LED. Kwa dima za aina hiyo, mafundi wengi hukadiria sehemu moja ya kumi tu.

La pili ni namna dima inavyokata wimbi. Zipo zinazokata mwanzo wa wimbi na zipo zinazokata mwisho. LED nyingi hutulia zaidi na zile zinazokata mwisho. Baadhi ya dima janja hukuruhusu kuchagua ndani ya programu ya simu, basi jaribu zote mbili kabla ya kutoa pesa.

Kisha weka kikomo cha chini. Karibu kila dima janja ina mpangilio wa mwanga mdogo kabisa. Upandishe polepole mpaka taa itulie, hata kama ni asilimia 15 au 20. Fanya kazi hii usiku, kati ya saa moja na saa nne, wakati mtaa mzima umewasha. Kikomo ulichokipata saa sita mchana huwa hakifui dafu stima ikishuka jioni.

Nimezima taa lakini balbu inabaki na mwanga hafifu usiku kucha. Wageni wanaogopa.

Si jini. Dima isiyotumia nyutro, yaani waya unaorudisha umeme kwenye njia kuu, inahitaji umeme kidogo ili iishi na kusikiliza simu, na umeme huo inaupata kwa kuupitisha kwenye balbu. Balbu ya zamani isingeonyesha chochote. LED inawaka kwa kitu kidogo sana, kwa hiyo inaonyesha.

Dawa yake ni kapasita ndogo inayouzwa kwa kazi hiyo, mara nyingine ikiwa ndani ya pakiti ya dima. Hufungwa kwenye taa na si kwenye swichi, kati ya waya unaotoka swichini na nyutro. Kwa saketi nzima inatosha moja, hata kama taa ni tano.

Fundi amesema boksi la swichi halina nyutro. Mimi naona waya mwekundu na mweusi. Mweusi si nyutro?

Swali hili ndilo lililounguza vifaa vingi kuliko yote hapa kisiwani, kwa hiyo tusikimbie.

Nyumba nyingi zetu zimefungwa waya kwa mtindo wa Kiingereza wa zamani. Laivu, yaani waya unaoleta umeme, na nyutro hupanda juu kwenye taa, kisha nyaya mbili tu zinashuka hadi swichini: mmoja unaleta laivu, mwingine unairudisha kwenye taa swichi ikiwashwa. Fundi alitumia kebo ya kawaida yenye nyekundu na nyeusi. Basi ule mweusi ulio swichini ni waya wa kurudi taani. Rangi ni ya nyutro, kazi ni nyingine kabisa. Katika nyumba mpya zenye kahawia na buluu mtego ni uleule, buluu ikichukua nafasi ya mweusi.

Na mita inaweza kukudanganya. Taa ikiwa imezimwa, pima kati ya mwekundu na mweusi: utasoma karibu volti 240, ushangilie kwamba umepata nyutro. Hujapata. Mweusi umepita ndani ya balbu ukafika nyutro huko juu, na mita inaona hivyo tu. Toa balbu zote za saketi hiyo upime tena. Usomaji ukiporomoka, ule ni waya wa taa. Ukibaki 240 palepale, hapo una nyutro ya kweli. Kipimo hiki ni cha mtu aliyezoea kufanya kazi na stima ikiwa hai. Kama si wewe, mwachie fundi.

Wapo wanaochukua waya wa eathi na kuufanya nyutro. Dima inawaka, kila mtu anafurahi. Lakini umeme sasa unapita kwenye waya uliowekwa kuokoa maisha, na siku eathi ikikatika mahali, mwili wa chuma wa friji au pasi unaweza kuwa na volti. Fundi akikupendekezea hilo, mlipe nauli yake aende.

Njia halali ni tatu. Nunua dima isiyohitaji nyutro na ukubali masharti yake ya wati za chini. Au vuta nyutro mpya hadi swichini. Au weka moduli ndogo ya dima juu kabisa kwenye taa, ambako nyutro ipo tayari, na swichi ya ukutani ibaki ya kuituma tu.

Kwa nyumba za kale za Mji Mkongwe, napendelea hiyo ya tatu. Ukuta wa matumbawe uliopakwa chokaa haupendi patasi. Ukiutoboa mfereji, plasta inaachia kipande kikubwa kuliko ulichokusudia, na fundi wa haraka anaziba kwa saruji, ambayo inafungia unyevu ndani mpaka chokaa ya jirani nayo inavimba. Penye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za nakshi ndiyo usiguse kabisa. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na waya wa juu ya ukuta uliopitishwa vizuri pembeni mwa boriti haumwaibishi mtu.

Ndugu yangu ameniletea dima nzuri kutoka Marekani. Nifunge?

Hapana. Kule nyumba hutumia volti 120 na hezi 60. Dima iliyoandikwa 120V pekee ukiipa 240 itaungua, pengine na moshi juu. Hata umbo lake ni la mstatili na halikai kwenye boksi letu la mraba.

Za kutoka Uingereza, Oman au Dubai kwa kawaida zinakubali stima yetu, ila soma mgongoni: unataka kuona 220–240V na 50Hz. Angalia pia kina cha boksi. Mengi ya hapa yana kina cha milimita 25 au hata 16, na dima janja nyingi hutaka 35 au zaidi. Usiishindilie. Waya uliobanwa nyuma ya dima huchubuka, na joto hukosa pa kutokea.

Naweza kuitumia dima hiyohiyo kwa pangaboi?

Usithubutu. Pangaboi lina mota, na dima ya taa haikutengenezwa kwa mota. Litavuma, litazunguka kwa kusuasua, na dima itapata moto hadi ife. Litumie regyuleta yake. Ukitaka kuliongoza kwa simu, zipo swichi janja za pangaboi peke yake, na kwa joto la Machi la hapa zina faida kuliko dima ya taa.

Taa zote za nyumba zinapepesa pamoja, hata zisizo na dima.

Basi sahau dima. Chanzo kiko kwenye njia kuu: nyutro iliyolegea kwenye boksi la breka, kiungo kilicholiwa na kutu kwenye mita, au laini ya nje.

Kuna dalili moja ya kuchukulia kwa uzito wa kufa na kupona. Kama taa za upande mmoja zinang'aa kupita kiasi huku nyingine zinafifia, huenda nyutro imekatika. Zima meni swichi papo hapo, chomoa vitu vya thamani, kisha piga simu kwa kampuni ya umeme na kwa fundi wako. Vifaa vingine vinaweza kupata volti nyingi kupita uwezo wake, na televisheni haitasubiri ukamilishe kusoma ukurasa huu.

Ikiwa kupepesa ni kwa jioni tu na kwa majirani pia, volti imeshuka kwa sababu ya matumizi. Dima haiwezi kutibu hilo. Stabilaiza ya nyumba nzima inaweza.

Stima ikikatika na kurudi usiku wa manane, taa zinawaka zenyewe. Wageni wamelalamika.

Ndani ya programu tafuta mpangilio unaosema dima ifanye nini stima ikirudi. Kwa kawaida kuna chaguo tatu: ibaki imezimwa, iwake, au irudi ilivyokuwa. Kwa vyumba vya kulala weka ibaki imezimwa. Kwa ngazi na daka, yaani ukumbi wa mlangoni, weka irudi ilivyokuwa, mtu asije akajikwaa kwenye kizingiti gizani.

Stima ikirudi, ipe ruta muda wa kuamka. Dima itakuwa hai kabla ya mtandao, na kwa dakika mbili tatu programu itasema haipo hewani. Usianze kuirisiti. Watu wengi huharibu mipangilio yao katika dakika hizo.

Stima inayokwenda na kurudi kwa kasi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mpigo wa volti unaokuja nayo huua saketi za dima taratibu. Weka kinga ya mpigo kwenye boksi la breka. Kinga ya kuchomeka ukutani inalinda friji iliyochomekwa hapo peke yake.

Nikiwa kwenye jenereta au sola, dima inavuma na taa zinacheza.

Dima hupima wakati ambao wimbi la umeme linavuka sifuri, na kuanzia hapo ndipo inapohesabu ikate lini. Jenereta ndogo haishiki hezi 50 sawasawa. Pampu ikiwaka inapunguza kasi, hesabu ya dima inayumba, taa zinacheza. Kwa inveta ya sola, ulizia kama inatoa wimbi safi. Zile za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi ngazi, na humo dima huvuma, hupata moto, wakati mwingine hufa. Ukilazimika kutumia jenereta, weka taa kwenye asilimia 100, hapo dima haikati kitu cha maana.

Kwa kidole inatii, kwa simu inasema haipo hewani.

Sasa tuko kwenye mtandao, na hapa nyumba za Lamu zina shauri lake. Ukuta mnene wa matumbawe na chokaa hula mawimbi ya Wi-Fi. Vyumba ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, kwa hiyo mawimbi kutoka daka hadi chumba cha ndani yanapita ukuta baada ya ukuta. Ongeza boksi la chuma lililozunguka dima pande tano.

Hamishia ruta mahali inapoona kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba. Uwazi huo wa kati hupeleka mawimbi juu ghorofani bila kutoboa ukuta hata mmoja. Kisha fungua taarifa za kifaa ndani ya programu utazame nguvu ya mawimbi: -60 ni nzuri, -80 ni ya kubahatisha. Kama boksi ni la chuma na una nafasi ya kuweka la plastiki, weka.

Dima nyingi zinajua masafa ya GHz 2.4 peke yake. Ruta za siku hizi huchanganya 2.4 na 5 chini ya jina moja, na wakati wa kuunganisha simu inakuwa kwenye 5 huku dima haioni kitu. Tenganisha majina, au zima 5 kwa muda mpaka uunganishe. Penye nyumba za wageni zilizobanana, kila moja na ruta yake, chagua chaneli 1, 6 au 11, ile isiyo na msongamano.

Ukiwa na dima nyingi, kumi na zaidi, fikiria za Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa vidogo vya nyumbani, na kitovu chake badala ya Wi-Fi. Vifaa vya Zigbee vyenye nyutro hupokezana ujumbe, chumba hadi chumba. Vile visivyo na nyutro kwa kawaida havipokezi, basi usitegemee mnyororo wa swichi zisizo na nyutro ufike ghorofa ya tatu.

Bando likiisha taa zitawaka?

Kwa kidole, ndiyo, daima. Kwa simu inategemea. Dima nyingi za Wi-Fi hupeleka amri yako hadi seva ya mbali kisha inarudi nyumbani, hata kama umekaa hatua mbili kutoka swichini. Bando likiisha, njia imekatika. Zinazofanya kazi kwa Matter (lugha ya pamoja ya vifaa janja, inayozungumzwa ndani ya nyumba) au kwa kitovu cha ndani huendelea mradi ruta inawaka.

Ratiba yangu inawasha taa saa nane mchana.

Nimeliona hili mara nyingi, na karibu kila mara programu imebaki kwenye saa za China. Umeweka 19:00, kwao imefika, kwetu bado ni 14:00. Badilisha ukanda wa saa uwe Nairobi, na mahali pawe Lamu.

Kosa la pili ni letu. Mtu anataka taa ziwake saa moja jioni anaandika 1:00, na taa zinamwamsha saa saba usiku. Saa moja jioni ni 19:00.

Bora zaidi ni kuifunga ratiba kwenye machweo. Hapa jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima, na programu itafuata yenyewe. Mwezi wa Ramadhani tengeneza ratiba ya pili ya daku, mwanga wa asilimia 30, uifute baada ya Idi.

Nimeweka balbu janja kwenye dima janja.

Chagua moja. Balbu janja inataka stima kamili muda wote, dima inaikatia. Zote mbili zitakuwa sawa, na taa haitakuwa sawa.

Dima ina joto na inavuma kidogo. Ni hatari?

Uvuguvugu ni kawaida, na mvumo mdogo unaoondoka ukibadilisha balbu ni kawaida pia. Joto linalokufanya uondoe mkono, plastiki iliyogeuka rangi, au harufu ya kuungua: zima breka leo, usisubiri kesho. Dima mbili tatu zilizopangwa kwenye sahani moja hupashana moto, kwa hiyo kila moja ibebe wati chache kuliko zilizoandikwa.

Ilifanya kazi vizuri mwaka mzima, kisha ikaanza kuwaka inapotaka. Nyumba iko ufukweni.

Zima breka, hakikisha kwa testa, ufungue. Kwenye nyumba za mbele za Shela, baada ya kusi kuvuma, utakuta ncha za shaba zimeota unga wa kijani na skrubu zimeshika kutu. Kiungo cha namna hiyo hupitisha umeme kwa kubahatisha. Kata ncha iliyoharibika, menya waya mpaka shaba inayong'aa, kaza upya. Kama waya umekuwa mweusi hata ndani ya ganda, kebo imekwisha. Taa za baraza na za juu ya dari zifungiwe dima ndani ya nyumba, mbali na rasharasha.

Usishangae pia kukuta sisimizi, au mjusi kafiri aliyekauka kati ya nyaya mbili. Wanafuata joto. Ziba tundu la kebo nyuma ya boksi.

Ngazi ina swichi mbili, juu na chini. Niweke dima mbili?

Moja tu. Upande wa pili uwe swichi ya kawaida au ya kubonyeza, kadiri karatasi ya dima inavyosema. Dima mbili kwenye taa moja hugombana, isipokuwa zimeuzwa kama jozi.

Naweza kubadilisha mwenyewe?

Balbu, kikomo cha mwanga, ratiba na ruta, ndiyo, hizo ni zako. Kufungua boksi na kugusa nyaya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na mwombe akuonyeshe. Kabla hajaja, mtumie picha tatu: mgongo wa dima au karatasi yake, shingo ya balbu, na boksi la breka likiwa wazi mlango tu. Mwambie kama taa inakorofisha kwa kidole au kwa simu, na saa ngapi. Atajua abebe kapasita, balbu za akiba au kebo, na hatalazimika kurudi Malindi kufuata kitu alichokiacha dukani.